AVO 8 ya marehemu mzee na jenereta yake ya mawimbi: nimevifufua, karibuni tuelimishane

#1 Mwana_Chumbageni (Tanga)

Wakuu, salaam. Niliwaahidi uzi huu kule kwenye mada ya redio za vali (zile bomba za kioo zilizotangulia transista), samahani kwa kuchelewa. Nilitaka kazi iishe kwanza, nisije nikawapa maelezo ya kitu ambacho mwenyewe sijakiona kikifanya kazi.

Marehemu mzee wangu alikuwa fundi wa mawasiliano wa reli, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977. Alipofariki, ndugu zangu walichukua cherehani, baiskeli na saa ya ukutani. Mimi nikaomba sanduku la chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na mita nyeusi ya AVO Model 8, jenereta ya mawimbi Advance E2 (chombo cha kutoa mawimbi ya redio ya kujaribia, si jenereta ya kuwashia taa), waya za kupimia zilizokauka kama kuni, na bahasha ya michoro iliyoliwa na mende pembeni.

Kwa vijana ambao hawajawahi kuiona: AVO ni mita ya mshale ya Kiingereza, na jina ni herufi za mwanzo za Ampea, Volti na Omu. Aliyeibuni ni Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza, na ya kwanza ilitoka mwaka 1923. Hii Model 8 ilianza mwaka 1951 na ikaendelea kutengenezwa mpaka 2008. Karibu kilo 3 za bakelaiti na shaba. Fundi yeyote wa zamani wa reli, posta au redio wa huku kwetu ukimtajia AVO uso unabadilika.

Kabla ya yote, jambo moja ambalo ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Chombo cha umeme kilichokaa miaka usikichomeke ukutani ili "uone kama kinafanya kazi". Mwaka 2011 nilipewa oskiloskopu ya vali (chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo). Furaha ikanizidi, nikaichomeka. Taa ikawaka, vali zikaanza kuwa nyekundu, nikaita watoto waje waangalie. Haikufika dakika mbili nikasikia harufu ya lami. Nikainama nikaona tone jeusi linachuruzika kutoka kwenye transfoma, polepole, linadondoka kwenye meza. Nilichomoa, lakini transfoma ilikuwa imeshakufa, na hadi leo sijapata nyingine. Kapasita moja (kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme) iliyovuja ndiyo iliyoiua. Kapasita ya bei ya soda.

Kwa hiyo safari hii nilianza na AVO, kwa sababu haihitaji umeme wa ukutani, na kwa sababu bila mita ninayoiamini nisingeweza kugusa kile kingine.

Nilipofungua chumba cha betri nikakuta betri kubwa ya volti 1.5 imevimba na kutapika unga mweupe uliokula kibati cha shaba. Zile zilikuwa betri za kawaida za zinki na kaboni, na uchafu wake una tindikali. Nikayeyusha magadi kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, nikasugua kwa mswaki, nikafuta kwa kitambaa chenye spiriti, nikaacha siku mbili ikauke. Ingekuwa betri ya alikali ningefanya kinyume: tone la ndimu au siki. Watu wengi wanatumia ndimu kwa kila betri, ndipo wanapomalizia kula shaba iliyobaki.

Betri ya pili ndiyo inayowakatisha watu tamaa: ni ya volti 15, na dukani huipati. Msihangaike. Renji ile ya omu kubwa inavuta maikroampea 50 tu kwenda chini, hivyo hata vibetri vidogo vinatosha. Nimepanga betri tano za kitufe CR2032, kila moja volti 3, nikazifunga ndani ya bomba la plastiki na kubana ncha kwa springi ya kalamu. Ukitaka njia fupi, chukua kile kibetri cha rimoti ya geti cha volti 12 (23A), ongeza CR2032 moja, umepata 15.

Kisha mshale. Ulikuwa unapanda vizuri mpaka 30, unakwama, ukigonga kioo kwa kidole unaruka. Hiyo ni dalili ya chembe ya chuma iliyonaswa na sumaku ndani ya ule mwanya ambamo koili inacheza. Nilifunga madirisha, nikazima feni, nikatandika kitambaa cheupe kilichofuliwa. Nikakata utepe wa karatasi wa wapaka rangi, mwembamba kama kijiti cha kiberiti, nikauingiza kwenye mwanya upande wa gundi ukiangalia sumaku, nikauvuta taratibu. Mara ya tatu ulitoka na kitu kidogo kama punje ya pilipili manga iliyosagwa. Mshale ukaenda mpaka 100 na kurudi bila kusita. Nilikaa nimeushika ule utepe kwa muda. Chembe ile huenda iliingia mzee akiwa bado kazini.

Nikaipima AVO dhidi ya mita yangu ya kidijitali kwenye betri ya gari: dijitali 12.6, AVO 12.4 kwenye renji ya volti 25. Kwa mshale wa umri huo nimeridhika. Kumbukeni kusoma kwa jicho moja, mshale ufunike kivuli chake kwenye kile kioo kilicho nyuma ya namba.

Jenereta nitaileta kwenye posti inayofuata, hapa umeme unakatika katika.

#2 Kijana_wa_Majengo

Uzi mtamu. Naweka kambi hapa.

#3 fundi_Kisauni (Mombasa)

Kaka, Mungu akuzidishie, na mzee alale pema. Mimi niongeze la pwani. Sisi wa huku adui ni unyevu na chumvi. Zile swichi za kuzungusha za AVO na za jenereta huota ukungu na kijani kwenye vibati. Watu hununua dawa ya kupuliza wakamwaga chupa nzima ndani. Usifanye hivyo! Sahani za swichi za zamani ni karatasi iliyogandishwa kwa gundi, zinanyonya dawa na baadaye zinapitisha umeme pale pasipotakiwa. Pulizia tone kwenye pamba, pitisha kwenye kibati kimoja kimoja, halafu zungusha swichi mara ishirini thelathini. Mwisho weka chombo kwenye kabati lenye balbu ndogo inayowaka. Mimi hufanya hivyo na mita zangu zote.

#4 DataBando

Mkuu heshima kwako, ila nauliza kwa nia njema. Mita ya kidijitali inauzwa bei ya kawaida na inasoma mpaka nukta mbili. Kwa nini ujitese na hii?

#5 Mwana_Chumbageni (Tanga)

@DataBando swali zuri sana, na hiyo ya kidijitali ninayo, naitumia kila siku. Lakini kuna sababu mbili za kweli za kuwa na AVO.

Ya kwanza ni michoro. Karatasi nyingi za ufundi za redio za Kiingereza za miaka ya 1950 na 1960 zilipimwa kwa AVO, na volti zilizoandikwa mle ni zile ambazo AVO ilizisoma. AVO 8 ina omu 20,000 kwa kila volti. Kwenye renji ya volti 100 yenyewe ni megaomu 2. Tuseme unapima sehemu yenye volti 100 inayolishwa kupitia kiloomu 220. AVO inavuta kidogo, inakusomea 90. Dijitali yenye megaomu 10 inakusomea karibu 98. Mchoro unasema 90. Fundi mwenye dijitali anadhani kuna kasoro, anaanza kubadilisha vitu vizima. Nimewaona watu wakihangaika wiki nzima na redio isiyo na ugonjwa.

Ya pili ni jicho. Ukiwa unaseti koili unatafuta kilele, mahali ambapo sauti ni kubwa kuliko zote. Mshale unauona unapanda, unapunguza mwendo, unaanza kushuka. Namba zinazorukaruka hazikuonyeshi hivyo.

Na tahadhari kwa waliolelewa na dijitali: kwenye omu, waya nyekundu ya AVO ndiyo hasi. Ukipima dayodi utaiona kinyume ukaitupa nzima.

#6 Mwana_Chumbageni (Tanga)

Jenereta sasa. Advance E2 inatoa kuanzia 100 kHz mpaka 100 MHz, na ina toni ya 400 Hz ya kubebeshwa juu ya wimbi ili uisikie kwenye spika. Msishtuke mkikuta usoni pameandikwa kc/s na Mc/s, ni kitu kilekile. Jina la hezi lilipitishwa kimataifa mwaka 1960 na viwanda vikachelewa kubadilisha.

Nilifanya hivi. Kwanza, kabla ya umeme, nilitazama kibao cha kuchagua volti nyuma. Vyombo vya Uingereza vingi vina hatua kati ya 200 na 250. Cha mzee kilikuwa kwenye 220. Umeme wetu ni 230 na jioni wakati mwingine unafika 245. Nikakihamishia 240. Jambo dogo, lakini vali zinalala na kuamka zikishukuru.

Pili, waya wa ukutani. Mpira ulikuwa unapukutika kama majivu. Nikaweka waya mpya wa nyuzi tatu, na waya wa ardhi nikaufunga kwenye chasisi kwa skrubu yake.

Tatu, kapasita za karatasi. Zile zenye nta, rangi ya kahawia, zote nimezibadilisha kwa za plastiki za volti 630. Msizipime kwa mita ya kidijitali mkaziamini, kwa sababu inazipima kwa volti mbili tatu, na ugonjwa wao unajitokeza kwenye volti za kazi. Nilichukua moja, nikaiweka siriesi na AVO kwenye volti 250. Renji ya 250 ni megaomu 5. Kapasita nzima mshale ungepanda kidogo na kurudi sifuri. Ile ilikaa kwenye 60. Pigeni hesabu: maikroampea 12 zinapita mahali pasipotakiwa kupita chochote. Kapasita kama hiyo ikiwa kwenye redio, kati ya vali ya mwanzo na EL84 (vali ya kuendesha spika), yenye rezista ya kiloomu 470 kwenye gridi, inaipelekea gridi kama volti 7 za chanya. EL84 inataka hasi 7 hivi. Ndiyo maana unasikia redio ya babu inakoroma, vali inakuwa nyekundu, halafu transfoma ya spika inaungua. (Kipimo hiki ni cha aliyezoea volti za juu. Mkono mmoja mfukoni, na chomoa kabla ya kuhamisha waya.)

Nne, balbu ya siriesi. Soketi, swichi, na balbu ya kizamani ya waya ya wati 60 iliyokaa kwenye njia ya umeme. Balbu ya LED haifai kabisa. Ukiwasha chombo kizima, balbu inang'aa kidogo halafu inafifia. Kikiwa na shoti, balbu inawaka yote na chombo kinapona. Ya kwangu iliwaka yote! Nikachomoa. Nikatoa umeme uliobaki kwenye kapasita kwa rezista ya kiloomu 10 ya wati 5, nikathibitisha kwa AVO kwamba ni sifuri, nikakata mguu wa ile kapasita kubwa ya elektroliti. Nikawasha tena, balbu ikafifia. Mgonjwa ni yeye. Nikaweka mpya ya volti 450 chini ya chasisi, na lile kopo la zamani nikaliacha juu likiwa tupu ili sura ya chombo isibadilike.

Baada ya dakika kumi na tano vali zilikuwa na joto, hakuna harufu. Nikapeleka waya karibu na redio ndogo, nikazungusha, nikasikia ile toni. Uuuuu. Mama alikuwa jikoni akaita, "Hiyo si ndiyo ile ya baba yako?" Alikuwa hajaisikia zaidi ya miaka ishirini.

#7 Dada_Chasisi (Birmingham)

Shikamoo kaka, na hongera. Nimesoma neno kwa neno, lakini kuna mahali umenitia wasiwasi. Umesema kapasita zote za karatasi umeweka za plastiki za volti 630. Je, na zile mbili zinazotoka kwenye umeme wa ukutani kwenda kwenye chasisi? Hizo haziruhusiwi kuwa za kawaida. Zinatakiwa za daraja la Y, zimeundwa ili zikifa zikatike, zisipige shoti. Ya kawaida ikipiga shoti, na kama ardhi ya nyumba ni ya jina tu, chasisi nzima inabeba 230 na wewe umeishika kwa mkono wa kushoto. Tafadhali angalia leo.

Mimi niko kwenye chama cha redio za zamani cha huku, BVWS, kimekuwepo tangu 1976, na kwenye minada yetu AVO 8 ni kitu cha kawaida. Kama kuna ndugu anasafiri nayo: unganisha zile sehemu mbili za mbele za kuchomekea waya za kupimia kwa kipande cha waya. Koili ikichezacheza inajizalishia umeme wa kujizuia, mshale hautupwi huku na huku ndani ya begi.

Na msinunue vyombo vya jeshi vya Vita ya Pili mkaanza kukwangua zile rangi za mishale zinazong'aa. Ile ni radiamu. Haing'ai tena lakini sumu yake bado ipo. Ifunge na kioo chake, usiifungue.

#8 Mwana_Chumbageni (Tanga)

Marhaba dada yangu. Umesema kweli na mimi nimekosea. Nimefungua sasa hivi, zipo mbili, na niliweka za 630 za kawaida. Nimezikata zote mbili, chombo kinafanya kazi bila hizo mpaka nipate za Y. Fundi wa vifaa vya kompyuta hapa mtaani ana mapawasaplai mabovu, zimo mle, za bluu zenye alama ya Y2. Kesho naenda.

Na ardhi nimeipima pia. Kati ya pini ya ardhi ya soketi yangu na nyutro palikuwa na volti 38. Kwa hiyo ni ya jina tu kama ulivyosema. Nimemwita fundi umeme apige fimbo mpya ya shaba kabla sijawasha tena. Wakuu, hili la ardhi kila mmoja alipime kwake.

#9 SautiYaMtaa

Mkuu naomba kuuliza, hiyo jenereta kama inafika 100 MHz si ndiyo FM? Naweza kuiunganisha na antena nirushe redio mtaani?

#10 Mwana_Chumbageni (Tanga)

@SautiYaMtaa hapana mdogo wangu, na nakuomba usijaribu. Inatoa nguvu ndogo mno, ni ya kulisha redio iliyo mezani kupitia waya. Ukiipa kikuza nguvu na antena, utamwingilia jirani na utakuwa umerusha bila leseni, na TCRA (mamlaka ya mawasiliano) wana vifaa vya kukutafuta mpaka mlangoni. Hata mimi nikiitumia, naiweka kwenye kiwango cha chini kabisa kinachotosha.

#11 Kijana_wa_Majengo

Mkuu swali langu ni hili: chombo cha zamani hivyo utajuaje kwamba 455 kHz yake (yale mawimbi ya ndani ya redio tunayosetia koili) ni 455 kweli?

#12 Mwana_Chumbageni (Tanga)

Hapo ndipo penyewe. Watu wakishafufua chombo wanaamini namba zake siku hiyohiyo, wanaharibu redio tatu nne kwa kuzilinganisha na uongo.

Chukua redio ndogo ya kidijitali yenye AM inayosogea kHz 1 moja. Haina 455, AM inaanzia 522. Lakini jenereta ya vali inatoa pia mawimbi ya mara mbili na mara tatu ya wimbi lake. Mara mbili ya 455 ni 910. Kwa hiyo weka redio kwenye 910, washa toni, zungusha jenereta taratibu karibu na 455 mpaka usikie. Tafuta pale sauti inapopotea upande wa kushoto na inapopotea upande wa kulia, katikati ndiyo penyewe. Kwangu mimi kioo kilisomeka 449. Yaani chombo kinadanganya kHz 6. Nikabandika karatasi ndogo ubavuni: "455 halisi = 449 kwenye kioo". Nikafanya vivyo hivyo kwa 600, 1000 na 1400, hizo unazisikia moja kwa moja. Acha chombo kipate moto nusu saa kwanza, la sivyo namba inatembea.

#13 fundi_Kisauni (Mombasa)

Hiyo ya 910 nimeijaribu sasa hivi. Inafanya kazi, wallahi. Miaka yote nilikuwa natumia stesheni na kubahatisha.

#14 Mwana_Chumbageni (Tanga)

Nafurahi kaka. Basi nimalizie na kazi niliyoifanya Jumapili, maana chombo ni cha kutumia.

Mama ana National ya transista, bendi mbili, zile za enzi ambazo kiwanda kilikuwa Dar. Ilikuwa inashika stesheni moja tu na kwa sauti ya mbali. Nilipoifungua nikakuta nta ya koili zote imekwanguliwa. Fundi aliyetangulia alizungusha kila kitu kwa sikio, na koili ya njano aliizungusha mpaka imepasuka kichwa kwa bisibisi ya chuma. Nilipopima, IF (ile 455 ya ndani ya redio) ilikuwa imeangukia karibu 431.

Bisibisi ya chuma kwenye koili ni mwiko. Inapasua ile punje nyeusi, na hata isipopasua, chuma chenyewe kinabadilisha kipimo, ukiitoa kila kitu kinahama. Mimi nimechonga kijiti cha mshikaki, cha mwanzi, ncha bapa. Hakuna kifaa bora zaidi kwa kazi hii.

Nilizungusha waya mizunguko mitano kwenye kopo la plastiki, nikaunganisha na jenereta, nikaliweka kama sentimita 30 kutoka kwenye ile fimbo nyeusi ya antena. Hakuna kugusa saketi. AVO nikaiweka kwenye spika, AC volti 2.5. Redio nikaisogeza mahali pasipo na stesheni. Halafu jenereta 455 (kwangu 449), nguvu ndogo. Hapa ndipo wengi wanakosea: ukipeleka mawimbi makali, redio inajipunguza yenyewe na kilele hukioni. Punguza mpaka mshale uwe unasogea kidogo tu.

Nyeusi kwanza, halafu nyeupe, halafu njano, nikarudia. Mshale ulianzia 0.2. Nyeusi ikaupeleka 0.35. Nyeupe, 0.5. Njano iliyopasuka ilikuwa ngumu, nilizungusha robo ya robo huku napumzika, mpaka 0.9, nikapunguza jenereta, nikaanza upya. Kisha stesheni za kioo: 600 nikaseti koili nyekundu, 1400 nikaseti trima (kapasita ndogo ya kuzungusha) ya osileta, sehemu inayotengeneza mawimbi ndani ya redio, nikarudi 600, nikarudi 1400, mara nne mpaka zote zikae. Mwisho ile koili iliyo juu ya fimbo ya antena nikaitelezesha kwenye 600 na trima yake kwenye 1400, nikazigandisha kwa nta ya mshumaa.

Usiku ule AM ilijaa. Kiarabu, Kihindi, Kisomali, na stesheni za nyumbani. Mama amelala nayo kichwani.

#15 Mlima_Ngong (Nairobi)

Ndugu yangu, kazi safi sana. Mimi niko na oskiloskopu ya Tektronix 465, ile ya 1972, 100 MHz. Inawaka taa ya mbele lakini kioo hakionyeshi kitu. Nianzie wapi?

#16 Dada_Chasisi (Birmingham)

Kaka wa Ngong, kabla ya yote: ile bomba ya kioo inavuta umeme wa kilovolti 18. Upande huo uachie kabisa kwanza. Anza na volti za chini kwenye bodi: 110, 55, 15, 5 na hasi 8. Mwongozo wake umeskaniwa na unapatikana mtandaoni bure, una sehemu zote za kupimia. Mara nyingi moja ya hizo ipo sifuri, na muuaji ni kapasita ndogo ya tantalamu, kama tone la rangi, iliyopiga shoti. Kata mguu wa moja moja kwenye njia hiyo mpaka volti zirudi. Mimi nimerudisha mbili kwa njia hii.

#17 Mlima_Ngong (Nairobi)

Asante dada. 15 iko sifuri. Nitaleta mrejesho wikendi.

#18 BabaSwaumu (Morogoro)

Jamani nimechelewa kuuona uzi huu. Shemeji yangu kanitumia kutoka Marekani jenereta ya Heathkit, ya vali, nzuri kama mpya. Imefika leo mchana. Nataka niichomeke kesho asubuhi kwa hiyo balbu ya siriesi nione.

#19 Mwana_Chumbageni (Tanga)

@BabaSwaumu hongera, lakini subiri kwanza. Heathkit za kwao nyingi ni za volti 117. Balbu ya siriesi haitaikinga na 230 yetu, itakudanganya tu. Utahitaji transfoma ya kushusha, na uchukue yenye uwezo mara mbili ya unaohitaji. Pia kama transfoma yake iliundwa kwa hezi 60 tu, kwenye 50 zetu itapata moto zaidi, kwa hiyo usiiache ikiwaka siku nzima. Halafu Heathkit ziliuzwa vipande vipande, mnunuzi akajiungia nyumbani. Kagua kila solda kwa lenzi, huenda aliyeiunga ilikuwa kazi yake ya kwanza.

Igeuze, tazama karibu na waya wa umeme, niandikie namba zote zilizopo pale, na kama kuna fyuzi niambie ni ya ngapi. Usiichomeke mpaka nikujibu.